Bastola kubwa ya .50: inafaa kwa duka Masasi na shamba Nachingwea, au ni mbwembwe tu?

mkorosho_baba (Masasi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaozijua silaha, hasa mlioko huku kusini.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi mjini na pembeni nafanya uwakala wa fedha. Korosho zikishapita mnadani na wakulima wakilipwa, mnajua inavyokuwa: bati zinatembea, saruji inatembea, watu wanatoa hela kuanzia asubuhi, na jioni nafunga hesabu nikiwa na fedha taslimu nyingi kuliko ninavyopenda. Halafu nina shamba la mikorosho na ufuta upande wa Nachingwea. Kule kero ya kila mwaka ni nguruwe pori, na msimu huu tembo wameingia hadi kwa jirani yangu wakala mahindi yote.

Maombi ya kumiliki silaha nimeshaanza. Mtaa wamepitisha, kata wamepitisha, sasa yako wilayani. Nilipokwenda Dar, rafiki wa shemeji yangu, mmiliki halali, akanitolea Desert Eagle, bastola ya .50 (kaliba ya nusu inchi), akaitoa magazini, akanionyesha chemba iko tupu, akanipa niishike. Jamani. Tundu la mtutu kidole changu cha mwisho kilitaka kuingia. Uzito wake unaushika mkono wako kabla wewe hujaishika yenyewe. Tangu siku ile sina hamu na vile vibastola vingine, naona kama vya kuchezea.

Wazo langu ni silaha moja imalize kazi zote, duka na shamba. Bastola naweza kutembea nayo, bunduki ndefu siwezi kukaa nayo kaunta. Na kwa kaliba ile nadhani hata tembo atanielewa. Nakosea wapi? Na risasi zake kwa huku kwetu zikoje?

---

kangomba_mstaafu (Tandahimba)

Mkuu tembo akikuona na hiyo atakuelewa vizuri sana, atakuuliza kibali kiko wapi 😂

Ila kwa upande wa mwonekano nakuunga mkono. Ukiitoa siku ya mnada, bei ya korosho inapanda yenyewe.

---

mzee_wa_doria (Liwale)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya wanyamapori tangu enzi Liwale inafikika kwa Land Rover na subira, mpaka nikastaafu. Nitajibu la shamba, la duka watakujibu wenye maduka.

Bastola haimzuii tembo. Kumwua inaweza kumwua, ila baadaye sana, huko porini, akiwa na kidonda kimeoza na ameshapita vijiji vingine akiwa na hasira zako. Ubongo wa tembo umekaa nyuma, na mbele yake kuna mfupa mnene wenye vyumba vyumba vya hewa. Risasi lazima ipenye pale ikiwa bado imenyooka. Ndiyo maana kwa wanyama hatari hatuanzi chini ya bunduki ya .375, na kazini tulibeba ya .458.

Tupige hesabu ya nguvu, maana hapo ndipo vijana wengi wanapodanganywa na ukubwa wa tundu. Risasi ya kawaida ya 9mm inatoka mtutuni na nguvu ya jouli kama 500. Hiyo .50 uliyoishika inatoa kama 2,000, mara nne yake, ni nyingi kweli kwa kitu cha mkononi. Sasa chukua .375 H&H, kaliba iliyotoka mwaka 1912, babu yangu angeweza kuibeba. Hiyo inakaribia 6,000. Kwa hiyo bastola iliyokukosesha usingizi ni theluthi ya bunduki tunayoiona ndogo kuliko zote kwa kazi hiyo. Risasi ya bastola ni pana na fupi na haina mwendo. Inatoboa tundu kubwa, ila haifiki mbali ndani ya mnyama mkubwa.

Na nguvu siyo hata jambo la kwanza. La kwanza ni kulenga. Miaka ile ya simba wala watu, tulikuwa tunakesha juu ya dungu kwenye mashamba ya mpunga. Tochi tumeifunga chini ya mtutu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, maana huwezi kushika tochi na bunduki na bado ukawa na akili. Risasi mbili za akiba ziko kati ya vidole vya mkono wa kushoto, ili usianze kupapasa mfukoni gizani. Ukisikia majani ya mpunga yanasuguana unawasha, na unaona macho mawili, na macho hayo hayakai. Hapo kila mtu anatetemeka, asikudanganye mtu. Lakini bunduki ina kitako kimeingia begani, shavu limelala juu yake, mikono miwili imeibeba. Mtetemo unagawanyika mwilini. Bastola yote inaning'inia kwenye vifundo vya mikono, na mtutu ni mfupi, kosa dogo la kulenga pale mkononi ni kosa kubwa kule alikosimama mnyama.

Nitaje na hili kwa sababu umesema nguruwe pori kana kwamba ni kero ya mazao tu. Mtafiti wa simba Packer na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 2005 kwenye jarida la sayansi la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na sehemu kubwa ni kusini huku, Lindi, Mtwara na Rufiji. Walichokiona ni kile ambacho sisi tulikuwa tunakiona kwa nyayo. Wanyama wengine wakipungua, simba anamfuata nguruwe pori. Nguruwe anafuata mazao. Mkulima analala dunguni kumzuia nguruwe asile mazao. Wote watatu wanakutana shamba moja usiku. Kwa hiyo kijana wako anayelinda ufuta, kabla ya kumfikiria silaha mfikirie dungu lenye kuta na ngazi ya kuvuta juu.

Kwa tembo, piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya au watu wa TAWA (mamlaka ya wanyamapori) mapema, usisubiri waanze kula. Moshi wa pilipili unasaidia: matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili ya kusaga, yaning'inizwe kwenye kamba kuzunguka shamba. Mizinga ya nyuki inasaidia zaidi na inakupa asali. Tochi kali, fataki, kelele za watu wengi pamoja. Mazao yakiliwa, andika taarifa ufuatilie kifuta jasho, hata kama kinachelewa. Na ukiua mnyama kwa kujihami, taarifa unatoa haraka na nyara ni mali ya serikali. Usije ukachukua hata mkia.

---

baharia_wa_shangani (Mtwara Mikindani)

Shikamoo mzee wangu wa doria. Umesema yote, ila naomba nimtetee kidogo mleta mada, maana hapa tutajifanya wote hatuijui raha ya kitu kikubwa.

Mimi nimepiga kubwa kuliko hiyo yake. Tulikuwa Durban, meli inasubiri mzigo, kuna kiwanja cha shabaha cha ndani ambacho mgeni analipia anapewa mwalimu. Nikaona Smith & Wesson ya .500 kwenye kabati. Hiyo ni bastola ya silinda, inakula risasi tano tu kwa sababu kila risasi ni nene mno ya sita haina pa kukaa. Yenye mtutu mrefu inapita kilo mbili. Mwalimu, Mzulu mmoja mtaratibu, akaweka risasi moja peke yake kwenye silinda. Nikamwambia mbona unanibania, nimelipia. Akasema mtu asiyeizoea ikimpiga teke mkono unakaza wenyewe, kidole kinavuta tena bila yeye kujua, na risasi ya pili inatoka mtutu ukiwa unatazama dari au uso wake. Akanirekebisha na dole gumba la kushoto, nilikuwa nimelipeleka mbele karibu na silinda. Pale kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, gesi inatoka kwa ukali wa kuweza kuchana kidole.

Nikavuta. Wakuu, sikusikia mlio, niliusikia kwenye meno. Moto ulitoka mbele na pembeni, karatasi za vibanda vya jirani zikapepea, mtu wa pembeni akaacha kupiga akageuka kunitazama. Nikaanza kucheka peke yangu na siwezi kuizuia. Hiyo raha ipo, ni ya kweli, na asiyeikubali anajibana.

Lakini sikiliza kilichofuata. Risasi ya kwanza ilipiga karatasi vizuri. Zilizofuata zikaanza kwenda chini, chini zaidi, mwisho karatasi sikuigusa kabisa, na ilikuwa karibu pale kama mita saba. Mwalimu akaniambia nimeshaanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Mwili unajifunza haraka kuogopa kitu kinachoupiga. Akanipa 9mm nikamaliza nayo, tundu zote zikakaa kwenye eneo la sahani. Kifundo cha mkono kiliniuma mpaka tunapita Msumbiji.

Kuhusu kwa nini zinatengenezwa: Wamarekani wana historia ndefu ya kushindana wenyewe kwa wenyewe. .357 Magnum ilitoka 1935 ikaitwa mwisho wa nguvu. Miaka ya hamsini ikaja .44 Magnum. Desert Eagle ikaja na .50, na 2003 ikaja hiyo .500. Wapo wenye sababu za maana. Kule Alaska mtu anavua samaki mtoni, mikono yote iko kwenye fimbo ya kuvulia, bunduki iko hemani, na dubu anakunywa maji hapo hapo. Huyo anahitaji kitu cha kiunoni chenye nguvu kuliko zote, akijua kabisa bunduki ingekuwa bora. Na kuna majimbo wanaruhusu kuwinda paa kwa bastola kama mchezo wa kujipa ugumu. Huku kwetu hakuna anayewinda kwa bastola, wageni wa vitalu vya uwindaji bastola zao wanaziacha kwao.

Na hiyo Desert Eagle ina mambo yake. Ndani yake inaendeshwa kwa gesi kama bunduki za vita, ndiyo maana ni pana vile. Ukiishika kilegevu inakwama. Ukiisukuma magazini kwa kiganja kutoka chini, kama watu wanavyoona kwenye sinema, inaweza kukwama pia. Risasi za madini ya risasi matupu zisizo na koti la shaba zinaziba njia ya gesi. Yaani ni mashine ya mtu mwenye muda, vifaa na risasi za kuchezea. Wewe risasi za .50 kwa Masasi utazipata wapi? Hata Dar utaagiza na kusubiri. Silaha usiyoifanyia mazoezi kwa kubania risasi, siku ya siku itakuwa chuma cha kutishia tu.

---

mama_wakala (Mtwara mjini)

Kaka mkorosho, mimi niko soko kuu, biashara kama yako, na leseni ninayo. Kwa hiyo nakwambia ya kaunta.

Mguu wa kuku wangu ni 9mm ya kawaida, ikijazwa haifiki kilo. Naivaa ubavuni ndani ya kifuko kigumu cha ngozi, juu dera, juu mtandio. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili unalijua. Kufikia saa nane ngozi imeshika jasho, kifuko kimeacha alama kwenye nyonga, na hapo ni kitu chepesi. Wewe unataka kufunga kilo mbili kwenye mkanda, uinue mifuko ya saruji, upande ngazi kushusha bati, ukae kwenye kiti cha plastiki. Wiki ya kwanza utavumilia. Ya pili utaiweka kwenye droo. Na silaha ya kwenye droo ni ya yule atakayeifikia kwanza, mara nyingi mtoto.

Halafu kutu. Kwetu hewa ya chumvi haina huruma, mimi kila Ijumaa baada ya kufunga naifungua, nafuta, natia mafuta, tena kidogo tu, ukizidisha yanashika vumbi. Wewe Masasi chumvi huna ila vumbi la saruji unalo dukani kwako mwenyewe. Hilo likikutana na mafuta kwenye mashine yenye njia ya gesi kama anayosema baharia, sijui.

Sasa kubwa zaidi. Nyuma ya ukuta wako kuna nani? Nyuma ya wangu kuna dada anakaanga chipsi, na mwanawe anafanyia kazi za shule pale pale chini ya meza. Risasi ya .50 ikimkosa mwizi haisimami kwenye ukuta wa tofali jembamba, na hata ikimpata bado inaweza kuendelea. Sheria inakupa haki ya kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari, haikupi haki juu ya mtoto wa mwenye chipsi. Mimi nilipochagua kaliba niliutazama ukuta kwanza.

Na usiionyeshe. Huyo kangomba hapo juu anatania, ila kuna watu kweli wanavuta shati ili mpini uonekane. Mji ni mdogo. Mwizi akijua una kitu cha thamani ile, fedha anaziacha anaifuata silaha, na atakuvizia nyumbani usiku na si dukani mchana. Mume wa mwenzangu mmoja yalimkuta hayo, aliporwa silaha yenyewe, na kesi ya kuelezea ilipopotelea ilimsumbua kuliko hasara ya duka.

Kilichopunguza hofu yangu ni mambo madogo madogo. Fedha napeleka benki saa tisa, sisubiri jioni. Saa ya kufunga nabadilisha. Kasha la chuma nimelichimbia sakafuni na kulimwagia zege, na wewe vifaa unavyo bure. Wakati wa malipo ya korosho naongeza kijana wa kusimama mlangoni, kazi yake kutazama tu nani ameingia hana anachonunua.

---

kangomba_mstaafu (Tandahimba)

Mama wakala umenifanya nishushe shati 😅

Ila baharia, hujasema ulilipa shilingi ngapi kwa kila mlio.

---

baharia_wa_shangani (Mtwara Mikindani)

Sisemi, mke wangu anasoma humu.

---

mkorosho_baba (Masasi)

Nashukuruni sana. Mzee wa doria, hiyo hesabu ya jouli imenivunja nguvu kabisa, sikuwa nafahamu kama .375 iko mbali kiasi kile. Na dungu la shambani kwangu ni miti minne na makuti, halina hata ukuta. Kijana nimemwambia leo arudi alale kijijini mpaka tulijenge upya.

Mama wakala, nyuma ya ukuta wangu ni stoo ya jirani yangu wa pembejeo, ila mlinzi wake analala humo. Nimeelewa. Hela saa tisa benki, hilo kesho naanza.

Nisiwadanganye lakini, nikiifikiria ile ya .50 bado naipenda. Nikipata nafasi ya kwenda Durban nitailipia kama baharia, nipige nicheke nirudi.

Sasa nabaki na maswali. Kwenye maombi nilishajaza bastola. Nikitaka silaha ya shamba badala yake, naanza upya? Na kwa nguruwe pori, shotigani ya mitutu miwili au ya pampu?

---

mama_wakala (Mtwara mjini)

La maombi nenda kwenye ofisi ulikoyapeleka kabla hayajapanda mkoani, uwaambie umebadilisha aina na sababu yake. Leseni inaandikwa kwa silaha fulani na namba yake, kwa hiyo usinunue chochote kwa kudhani watarekebisha baadaye. Nenda na nakala ya kila karatasi.

---

mzee_wa_doria (Liwale)

Mitutu miwili mwanangu. Pampu si mbaya, ila ina sehemu nyingi za kuchezacheza na vumbi la njia ya Nachingwea utalibeba ndani. Ya mitutu miwili unaivunja katikati, yaani unaikunja ifunguke, na papo hapo unaona ina risasi au haina, na yeyote aliye karibu yako anaona pia, hata gizani unapima kwa kidole. Kwa nguruwe tumia risasi za chembe kubwa, na usipige kitu ambacho hujakimulika ukakiona chote, kichwa mpaka mkia, kwa sababu msimu wa ufuta kuna watu wanapita mashambani usiku kwa miguu. Ukiwa nyumbani iwe imevunjwa, risasi ziko chumba kingine, ufunguo unao wewe. Na kabla ya yote hayo mwite fundi wa dungu, mvua za kwanza haziko mbali.